Kifaransa cha usiku Mlandege: Maalim hodari, karatasi mbovu

Wenzangu wa kutembeza wageni hawaishi kuniuliza kama lile darasa la Kifaransa la usiku la Mlandege, hapa mjini Unguja, lililo ghorofani juu ya maduka ya vitambaa, linastahili shilingi 45,000 za mwezi. Inategemea unataka nini. Anayetaka Kifaransa cha kumshika mgeni toka Forodhani mpaka Mkunazini asitazame simu yake, alipe leo. Anayetaka cheti, asome kwanza mpaka chini.

Nazungumzia kundi la juu tu. Wa hatua ya bonjour na ça va wana kundi lao, na kwa maoni yangu hawana haja ya kulipa: vijana wa ufukweni Nungwi watawafundisha bure, na kikoi watauziwa juu yake. Kundi la juu hukaa Jumatatu, Jumatano na Alhamisi baada ya Isha, na mada iliyolipa jina darasa hili ni subjonctif passé, yaani sabjonktifu ya wakati uliopita, umbo la kitenzi linalofuata pole, agizo, furaha au shaka kwa jambo lililokwisha kutendeka, ambayo sisi wanafunzi tumeshaikata tukaiita "ile ya aie". Kwengine nilikosoma waliipitisha kwa jioni moja: jedwali ubaoni, nakilini, tuonane wiki ijayo. Maalim huyu anakaa nayo karibu mwezi mzima.

Mwenyewe ni Mngazija. Kazaliwa Moroni, ambako Kifaransa ni lugha rasmi pamoja na Kikomoro na Kiarabu, kwa hiyo vitenzi hivi alikutana navyo skuli akiwa mtoto, kwa bakora. Kiswahili chake ni cha mjini kabisa. Sisi tunamwita Maalim. Yeye kila mtu kwake ni "mwanangu", hata yule mzee wa bandarini ambaye nahisi ni rika lake.

Hafungui kwa jedwali. Anafungua kwa pole. Kazi ya mwongozaji, anasema, nusu yake ni kumpa pole mtu aliyelipa dola. Alimwita kijana mmoja anayepeleka watu Kizimkazi kutazama pomboo, akamsimamisha mbele ya ubao.

"Mgeni wako kashuka boti. Kalowa, moyo umemchafuka, hakuona hata pezi. Mwambie."

Kijana akasema: "Je suis désolé que vous n'avez pas vu les dauphins."

Maalim akagonga meza kwa funguo. "Moyo umeshatoa pole, mwanangu, na kitenzi nacho kitoe. Rudia."

"Je suis désolé que vous ne voyiez pas les dauphins."

"Haya, hapo bado wamo botini wanatafuta. Sasa hivi hawawaoni, pengine baada ya dakika tano watawaona. Lakini huyu keshashuka! Yuko pwani anakausha nywele. Imekwisha hiyo."

Ndipo akaandika: Je suis désolé que vous n'ayez pas vu les dauphins. Darasa zima tuliona tofauti kabla hajaieleza. Voyiez ni pomboo wanaotafutwa bado. Ayez vu ni pomboo waliokwisha kukosekana. Pole inatolewa sasa, jambo lenyewe liko nyuma yake.

Ukishafika hapo, muundo wenyewe ni mwepesi kuliko unavyosifiwa kwa ubaya. Unachukua kitenzi kisaidizi, avoir au être, unakitia kwenye sabjonktifu ya wakati uliopo, kisha unakiwekea lile umbo la kitendo kilichokamilika: vu, mangé, pris, parti. Que j'aie vu, que tu aies vu, qu'il ait vu, que nous ayons vu, que vous ayez vu, qu'ils aient vu. Kwa être: que je sois parti, que tu sois parti, qu'il soit parti, que nous soyons partis, que vous soyez partis, qu'ils soient partis. Hakuna kitenzi cha Kifaransa, kiwe kikorofi vipi, kinachotoka nje ya mpango huu. Aliyeshika visaidizi viwili hivi kashika njeo nzima, raha ambayo sabjonktifu ya sasa haina, maana ile ina puisse, ina sache, ina fasse, ina veuille, kila moja na vituko vyake.

Anatusomesha kwa mdomo kabla ya kalamu, na jambo hilo linanifurahisha. Aie, aies, ait na aient, zote nne sikioni ni sauti moja. Ukijua kutamka moja umetamka nne. Hata j'ai na j'aie zimepishana kidogo mno, na Wafaransa wengi hawajishughulishi kuzitenga. Mwongozaji anayezungumza tu anaweza kuishi miaka humo ndani bila mtu kumshtukia. Anayeandika barua pepe kwa wakala wa safari wa Lyon hana pa kujificha.

Kuhusu lini utumie hii na lini ile ya sasa, swali lake ni moja: kitendo cha pili kimekitangulia cha kwanza? Kikiwa kimetangulia, ni passé. Halafu huongeza jambo ambalo walimu wengi hulipita mbio, kwamba kutangulia huko kunaweza kuwa mbele ya safari vilevile. Il faut que vous soyez revenus avant quatre heures. Saa kumi ya alasiri haijafika, hakuna aliyerudi, lakini ikigonga iwakute wamekwisha kurudi. Hapo akatutolea maneno yetu wenyewe: "Kabla ya saa kumi muwe mmesharudi." Kitenzi kuwa kimetiwa ile -e ya kuagiza, kisha kikafuatiwa na kitendo kilichokamilika. Mpango ni uleule, kisaidizi mbele, ukamilifu nyuma.

Mama mmoja wa mapokezi katika hoteli ya Paje, aliyekaa mbele yangu, akaruka: "Kumbe naijua toka tumboni!"

"Usifurahi haraka, mwanangu," Maalim akamjibu. "Kiswahili kitakufikisha nusu ya njia." Na ni kweli. Kwenye agizo tunaenda sambamba na Wafaransa, lakini kwenye furaha, majuto na hofu sisi hatubadilishi kitu. Tunasema "nimefurahi umekuja", kitenzi kimekaa kama kilivyo. Mfaransa hana ruhusa hiyo: je suis content que tu sois venu. Hata furaha yenyewe ikiwa ya zamani, j'étais content que tu sois venu, umbo halisogei. Hilo la mwisho nililipenda kwa uvivu wangu.

Ugumu wenyewe uko kwenye être, na hapa ndipo ada yangu iliporudi. Vitenzi vya kwenda na kurudi, kuingia na kutoka, kupanda na kushuka, kubaki, kuanguka, kuzaliwa na kufa vinachukua être, na vikishaichukua, umbo la mwisho linamfuata mtendaji kwa jinsia na idadi. Maalim hanisamehe e yangu. Sentensi yangu ya kudumu ni bien que je sois née à Wete, j'habite à Kikwajuni, ingawa nimezaliwa Wete naishi Kikwajuni, na kila nikiiandika huitazama ile née kwanza kabla ya kitu chochote. Kijana wa Kizimkazi anaandika né, sauti ileile. Halafu kuna mtego ambao watu wa hoteli waliupokea kwa shangwe, kwa kuwa ni kazi yao ya kila siku: monter, descendre na sortir vikipata mzigo wa kubeba vinarudi kwa avoir. Qu'il soit monté, kapanda mwenyewe. Qu'il ait monté les valises, kapandisha mabegi.

Vitenzi vya kujitendea navyo vyote ni vya être, na sentensi aliyotupa hapo peke yake ingetosha kuwa ada ya mwezi. Mimi kila siku nasimama Forodhani mbele ya Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, na kila siku mgeni huuliza limepatwa na nini. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Zamani nilikuwa nalieleza hilo kwa vipande vipande, neno moja huku, mkono mmoja kule. Sasa nasema: Il est dommage qu'une partie de la Maison des Merveilles se soit effondrée. Humo ndani mna mambo matatu kwa mpigo. Dommage inadai sabjonktifu, se inadai être, na partie, kwa kuwa ni jinsia ya kike, inadai e ya pili mwishoni mwa effondrée. Maalim alitufanya tuivunje na kuijenga mpaka ikatoka kama jina la mtu. Mama mmoja wa Bordeaux alinisimamisha katikati ya maelezo akaniuliza nimesomea mji gani wa Ufaransa. Nikamwambia Mlandege. Akaniomba nimwandikie kwenye simu, akautafute kwenye ramani.

Maalim ana na yake ya kuchokoza. Wageni wanaorudi Paje na ngozi nyekundu alituwekea dommage que vous vous soyez brûlé le dos, akauliza kwa nini brûlé haina s ilhali watu ni wengi. Kwa sababu kilichoungua ni mgongo, nao umekuja nyuma ya kitenzi; wangeungua wao wenyewe, s ingekuwepo. Tulibishana hapo mpaka muuza kahawa wa chini akapandisha birika lake bila kuitwa. Kanisa la Minara Miwili tulilipita haraka zaidi: bien que la cathédrale ait été construite à la fin du XIXe siècle, umbo la kutendwa, visaidizi viwili vimepangana na construite imefuata kanisa lenye jinsia ya kike. Na kwa wanaokwenda Changuu kuna ile ambayo wageni wenyewe huisema kwa kobe: c'est la plus grosse tortue que j'aie jamais vue. Hapo hakuna pole wala agizo. Anayesema ametoa hukumu kwamba huyu ndiye mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona, na hukumu ya namna hiyo inavuta sabjonktifu. Vue ina e kwa ajili ya tortue iliyotangulia.

Ninachompa Maalim maksi zaidi kuliko vyote ni kufundisha mahali pa kutoitumia. Mtu akishaionja njeo hii huipaka kila mahali. Kuna kundi la waongozaji pale mjini, siwataji, kila asubuhi huwapokea wageni kwa j'espère que vous ayez bien dormi, wakitaka kusema natumaini mmelala vizuri, na mgeni hutabasamu kwa adabu. Espérer haichukui sabjonktifu. Unatumaini kitu kwa kukihesabu kuwa kipo, kwa hiyo ni j'espère que vous avez bien dormi, sawasawa kama unavyotoa habari. Penser nayo ina tabia yake: je pense qu'il est parti, lakini ukikanusha, je ne pense pas qu'il soit parti, kwa sababu sasa umetia shaka. Avant que, yaani kabla, ni ya sabjonktifu. Après que, yaani baada, kwa sarufi si yake, maana kilicho baada yake kimekwisha kutokea na hakuna wa kukitilia shaka, ingawa Wafaransa wenyewe huivunja sheria hiyo kila siku, na Maalim anakiri kwamba hata yeye humponyoka akiwa anazungumza na ndugu zake kwa simu. Na kama mtendaji ni mmoja pande zote mbili, achana nayo kabisa: je suis contente d'avoir fini, nimefurahi kumaliza, huhitaji que hapo. Kwa hili tu, darasa hili limeyapita yote niliyokaa.

Sasa kero, nazo si haba.

Karatasi za mazoezi zinauzwa shilingi 500 kila moja, na zimetolewa kopi ya kopi mpaka vistari vya juu ya herufi havionekani. Kwa Kifaransa hilo si dogo, kwani asiyeona kistari cha née hajui anasoma nini. Kibaya zaidi, ukurasa wa majedwali umechapwa que vous ayiez na que nous soyions. Maneno hayo hayapo. Naelewa kosa lilikotoka: voyions na voyiez za kitenzi voir zina i baada ya y, na aliyechapa akadhani zote ni ndugu. Ayons, ayez, soyons na soyez hazina i hiyo. Mwanafunzi mgeni hatajua. Nilimwonyesha kijana anayepokea ada, akasema litarekebishwa, na hadi naandika hapa karatasi ni zilezile. Maalim ubaoni anaandika sawa, kwa hiyo amini ubao.

Pili, Maalim ana mapenzi ya zamani na que je fusse na qu'il fût parti. Ni maumbo ya vitabu vya kale; hakuna mgeni wa Kifaransa atakayekwambia hivyo akiwa anaosha miguu mchanga. Kutuonyesha ili tuyajue tukiyakuta, sawa. Kutukalisha jioni nzima tukiyakariri huku mama wa Paje anasinzia, hapana. Sisi tumetoka kazini.

Chumba kina feni moja, nayo inawaelekea wa mbele. Umeme ukikatika wanasoma kwa tochi za simu, na nitasema ukweli kwamba usiku wa tochi ndio mazungumzo huwa mazuri. Kundi la chini hukaa chumba cha pili na mlango haufungi, kwa hiyo tarajia un, deux, trois ikikupitia katikati ya sentensi yako. Ramadhani darasa linasimama na ada ya mwezi ule hairudi wala haisogezwi mbele. Ulizia kabla hujalipa. Wanawake tunaokaa mbali tupange mapema wa kurudi naye, kwa kuwa saa nne usiku daladala zimepungua na bodaboda wanajua hivyo.

Nikija kwenye cheti. Wengi wetu tunaotaka DELF B2, cheti cha Kifaransa kinachotolewa na serikali ya Ufaransa, tunajua hesabu yake: sehemu nne za maksi 25 kila moja, jumla 100, kufaulu ni kuanzia 50, na ukipata chini ya 5 katika sehemu yoyote umeanguka hata kama jumla imetosha. Sehemu ya kuandika inataka insha au barua ya maneno 250 hivi, na hapo msahihishaji anaona kila e uliyoisahau na kila j'ai uliyoiweka penye j'aie. Darasa la Mlandege haliandiki. Nilichoandika humo kikasahihishwa kwa kalamu nyekundu ni kidogo, tena baada ya kukifuata mwenyewe. Kusikiliza nako ni sauti ya Maalim peke yake, Kifaransa cha Moroni, kizuri na cha taratibu. Ukitegwa na redio ya Paris inayokwenda mbio utahisi umebadilishiwa lugha. Kwa kusema nampa nne na nusu kati ya tano. Kwa kuandika nampa mbili, na moja kati ya hizo ni ya hisani.

Kwa hiyo mwongozaji, mtu wa mapokezi, nahodha wa boti za pomboo, kijana wa mashamba ya viungo, nendeni. Mwalimu wa skuli anayejiandaa na mtihani aende pia kwa mwezi ule wa aie tu, kisha atafute mtu wa kumsahihishia insha kwengine. Kundi jipya la juu huanza mwanzo wa mwezi na viti vya karibu na feni vinakwenda mapema. Majina yanaandikwa chini kwenye duka la pili la vitambaa, kuanzia baada ya Alasiri. Mwambie muuzaji unataka kundi la Maalim, si la chumba cha pili, maana asipoulizwa humwandika kila mtu huko.